Ungo Mmoja wa Maganda

Nyinyi mtakaosoma karatasi hizi mmevaa fulana za njano zenye jina la Hamisi mgongoni. Jina hilo naliona kila nikitia mguu Kariakoo: kwenye fulana zenu, kwenye madumu yaliyopangwa milangoni mwa maduka ya jumla, kwenye ubavu wa kigari cha mizigo cha kirikuu kinachoziba njia watu wasipite. Nimeliona miaka mingi, na kila nikiliona kuna kitu hunichoma chini ya mbavu, upande wa kushoto. Nilikwenda hospitali, wakanipima, wakasema moyo wangu mzima. Basi ni wivu. Dawa yake hawakuwa nayo.

Nusu ya habari hii mnaijua tayari, kwa sababu siku ile kiwandani kwenu, mtaa wa Gerezani, nilipiga kelele mkanisikia wote, hata yule mwenzenu anayefanya kazi na vidude vya muziki masikioni. Nusu nyingine hamuijui. Mwajuma, binti yake Hamisi, ameniomba niwaandikie maelekezo ya kazi: namna ya kuijua mbegu, namna ya kuisikiliza mashine. "Baba mkubwa, we andika tu, kurasa mbili zinatosha, nitazibandika pale karibu na swichi."

Nimejaribu kuandika maelekezo matupu, nimeshindwa. Ninachokijua kuhusu alizeti na nilichomfanyia baba yake vinatoka pamoja, kama mafuta yanavyotoka na tope lake. Mwajuma akiona yamezidi, achuje mwenyewe.

Tuanze na gunia. Gunia la alizeti likishushwa, msiangalie juu. Juu kila muuzaji huweka mbegu nzuri. Hata mimi ningeweka. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, uuache humo kidogo. Ukisikia vuguvugu katikati, ujue mbegu zilifungwa hazijakauka na zimeanza kujipika zenyewe; mafuta yake yatakuwa machungu. Kisha toa chache utafune. Mbegu kavu hukatika kwa sauti. Yenye unyevu hupondeka kimya, kama maharage ya jana. Haya nilifundishwa na Fundi Abeid, na niliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Hamisi hakuwa na daftari. Hamisi alikuwa na mgongo.

Lakini nimetangulia. Mimi ni Gervas, mtu wa Masasi. Nilikuja Dar es Salaam na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, nikidhani bahasha hiyo itanifungulia ofisi. Ilinifungulia mlango wa bati. Huko Mchafukoge, kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, palikuwa na kinu cha kukamua mafuta cha mama mmoja wa Kilimanjaro aliyeitwa Mama Aika. Sasa pale pana ghorofa lenye duka la vioo chini. Wakati huo palikuwa na mashine ya kukoboa alizeti, jiko la kuzikaangia, mashine ya kukamua, na mapipa ya kutulizia mafuta yakiwa yamejipanga ukutani. Tulinuka alizeti mpaka tukipanda basi watu wanauliza nani kabeba chapati.

Kwa sababu ya cheti changu niliitwa Msomi. Mama Aika alipenda kunitaja kwa wageni: "Huyu kijana wangu kamaliza fomu foo." Mimi nikisikia hivyo najifanya naangalia mashine, na shingo inanenepa.

Fundi Abeid alikuwa bwana mkubwa wa mashine. Mzee wa Mafia, mwembamba, hajui kusoma hata jina lake. Kwenye kanzu yake alishona mfuko mrefu wa spana moja tu, ile ya kukazia na kulegezea koni. Koni, kwa ninyi wageni wa kazi, ni ile kofia ya chuma mwishoni mwa mashine, pale mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, yanapotokea. Ukiikaza sana, mbegu inabanwa, joto linapanda, mashudu yanaungua. Ukiilegeza sana, mafuta yanatoka kule na mashudu. Kati ya hapo na hapo pana upana wa ukucha. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ile spana ila yeye. Hata alipokwenda kuswali aliondoka nayo.

Mimi niliitaka ile spana kama wengine wanavyotaka mchumba.

Sasa Hamisi. Alikuwa mpakiaji wa Shimoni, pale sokoni Kariakoo, kijana wa Lindi aliyeishia darasa la saba. Alikuwa akituletea magunia. Asubuhi moja alishusha mawili, la tatu akalishusha kisha akasimama analitazama.

"Fundi, hili lina maji."

"Umelifungua?" Fundi Abeid akamuuliza.

"Nimelibeba."

Tulicheka. Gunia lile nilikuwa nimelikagua mimi mwenyewe juu ya mkokoteni na kulitia alama ya chaki kuwa ni zima. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tangu lini mgongo ukapima unyevu?"

Hamisi hakukasirika. Alijifuta jasho akasema, "Kavu likiwa mgongoni linacheza. Hili limelala kama mtoto aliyesinzia. Mtoto akisinzia si anakuwa mzito?"

Fundi Abeid alifungua gunia, akatia mkono mpaka kiwiko. Alipoutoa alilamba kidole gumba, akafuta chaki yangu. Kisha akaenda kwa Mama Aika na kumwambia huyu kijana asirudi Shimoni.

Hapo ndipo kilipoanza kile kitu chini ya mbavu.

Mtaniuliza, kwani yeye alikuwa na majivuno? Angekuwa nayo ningemshukuru. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi, "Mambo vipi, Msomi," kwa furaha kabisa, na jambo asilolijua aliniuliza mbele za watu bila haya. Alijifunza mbele yangu, kutoka kwangu, halafu akanipita. Jaribuni kumchukia mtu wa namna hiyo. Ni kazi, lakini mimi sikuwa mvivu.

Nitawasimulia habari ya Bi Zuhura, maana ina somo ndani yake. Bi Zuhura alikuwa mkaanga samaki wa soko la Feri, mwanamke mnene wa sauti, na alikuwa mteja wetu mkubwa. Mafuta yakitoka mashineni yana tope na ute usioonekana kwa macho. Yanatakiwa yalale kwenye pipa siku tatu bila kutikiswa, ndipo yachotwe juu kwa juu. Siku moja Fundi Abeid hayupo, Bi Zuhura akamtuma mtu, na mafuta yaliyotulia yalikuwa yamebaki robo dumu tu. Hamisi akasema tumpe hiyo robo, nyingine asubiri. Mimi, kwa vile ni yeye aliyesema, nikajaza dumu kutoka pipa la jana.

Kesho yake tukasikia kelele tangu mwanzo wa uchochoro. Bi Zuhura alikuja kwa miguu kutoka Feri mpaka Mchafukoge, na karai lake kichwani.

"Nani kaniuzia sabuni hapa?"

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema.

"Marahaba ya nini! Njoo uangalie! Povu mpaka limezima moto. Changu wangu nimewakaanga au nimewaogesha? Wateja wananiuliza, mama, umehamia kwenye udobi?"

Nikaanza kumwelezea habari za ute na unyevu, kwa maneno ya kwenye daftari. Akanikatiza: "Wewe kaka, mie sikuja shule." Hamisi akatoka nyuma na chupa. Kumbe ile robo alikuwa ameitenga, akijua atarudi. Bi Zuhura akamimina matone mawili, akayasugua kwa kidole gumba na cha shahada, akanusa, akatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.

"Haya ndiyo mafuta. Wewe nani mwanangu?"

"Hamisi, mama."

Tangu siku hiyo akiagiza anasema, "Nataka ya Hamisi." Mafuta yaleyale, mashine ileile, lakini ni ya Hamisi. Na kila Ijumaa alimletea kichwa cha changu cha kukaanga kwenye gazeti. Hamisi alikuwa akikigawa katikati na kuniletea nusu. Mimi nilikuwa namwambia nimeshiba. Vijana, nilikuwa na njaa ya kufa. Nilikuwa nakaa pembeni nanusa lile gazeti.

Basi somo ni hilo: yaacheni yalale siku tatu. Na mkipewa nusu ya samaki, kuleni.

Sasa nafika kwenye maganda.

Alasiri moja Hamisi alikwenda sokoni kufuata magunia, nikabaki na Fundi Abeid peke yetu. Kazi yangu ilikuwa kupepeta. Alizeti ikishakobolewa, maganda na kiini hutoka vimechanganyika, nasi tulitenga maganda kwa feni na ungo. Kila nikimaliza, Fundi Abeid alikuwa akipita, anachota ungo mmoja wa maganda yaleyale niliyohangaika kuyatoa, anayamwaga tena ndani ya mbegu. Nilikuwa nakereka sana. Siku hiyo nikamuuliza.

"Mzee, unanitania? Natoa, unarudisha."

Akacheka. Alichukua kiini kitupu, kile cheupe, akakisaga kiganjani kikawa kama siagi. "Hiki kikiingia peke yake," akasema, "mashine haina pa kushika. Kinateleza, kinazunguka nayo, kinageuka uji. Mafuta yatatoka tope. Ganda ndilo meno. Magunia mawili, ungo mmoja. Mvua ikiwa imenyesha, ungo na nusu. Umenisikia, mwanangu?"

Nilimsikia. Niliandika kwenye daftari na kupigia mstari. Hamisi hakuwepo; maganda aliyozoea kuyaona ndani ya mbegu alidhani ni yale yaliyonishinda kupepeta, nami sikumwambia aliporudi.

Akaniambia na jinsi ya kusikiliza. Mashine inayokamua vizuri husikika kama mtu anayetafuna muwa: kuna mkwaruzo, kuna kufinya, kuna kupumua. Mashudu hutoka kama magamba, makavu, ukiyavunja yanalia. Mashine inayoteleza inanyamaza. Mota inakuwa nyepesi, inaimba vizuri kabisa, na mgeni atasema aah, leo imekubali. Jihadharini na mashine inayoimba vizuri.

Miezi baadaye Fundi Abeid alitangaza anarudi kwao Mafia kupumzika. Mama Aika akasema spana lazima ipate mtu, na mtu huyo ndiye atakuwa fundi mkuu. Walikubaliana kwamba mimi na Hamisi kila mmoja apewe siku yake ya kuendesha mashine, Fundi amekaa kwenye kiti tu anatazama. Jumanne ilikuwa yangu. Haikuwa mbaya. Mashudu yalitoka bado yana mafuta kidogo, Fundi akasema, "Inshallah, utazoea." Neno hilo lilinikata maini. Mtu hamwambii hodari kwamba atazoea.

Jumatano ilikuwa ya Hamisi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kupepeta.

Nilipepeta kuliko siku zote za maisha yangu. Nilipepeta mara tatu. Nilitoa hata vipande vidogo kwa vidole. Zile mbegu zilikuwa nyeupe kama mchele wa pilau. Fundi Abeid alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili, hapiti na ungo, kwa sababu siku hiyo haikuwa yake. Hamisi alitazama beseni akasema, "Msomi, leo umenifanyia kazi ya harusi. Ahsante." Akanipiga begani.

Mashine ilianza kuimba. Hamisi aliinamisha kichwa, nikaona anajua kwamba kuna kitu, ila hajui ni kitu gani. Akakaza koni. Ikaimba zaidi. Chini ya mashine, badala ya mafuta ukaanza kushuka uji wa kijivu, na kwenye koni kikatoka kitu laini kama ugali wa mgonjwa. Akakaza tena. Tukasikia harufu ya kuungua, moshi ukatoka, Mama Aika akapiga kelele, "Zima! Zima! Mnaniulia mashine!"

Fundi Abeid alisimama, akachota yale mashudu laini, akayaangalia kiganjani muda mrefu.

"Nani kapepeta?"

"Mimi," nikasema. Kisha nikasema neno ambalo nimelala nalo mpaka leo: "Hamisi ndiye aliyeniambia nitoe maganda yote, mafuta yatoke meupe. Mimi nikajua mmeelewana."

Hamisi alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Alifungua mdomo, akamtazama Mama Aika, akaufunga.

Mama Aika akasema, "Ndiyo maana nasema shule ni muhimu." Hamisi akarudishwa kubeba magunia, kwa ujira wa kibarua. Wiki haikuisha akaondoka. Tulisikia amekwenda Singida, kule alizeti inakolimwa.

Siku ya yeye mwenyewe kurudi Mafia, Fundi Abeid alinipa spana. Aliishika kwanza, hakuniachia mara moja, tukawa wote wawili tumeishika. "Ungo wa maganda usiusahau, Msomi," akasema. Sikupata kumwona tena.

Mnadhani nilifurahi? Nilifurahi kama siku nne hivi. Kisha niligundua kwamba spana haikuja na masikio. Nilikuwa nakaza pale pa kulegeza. Kuna wiki mashudu yalitoka meusi kama mkaa, wafugaji wa kuku wakayakataa, Mama Aika akanijia: "Gervas, fomu foo yako hii mbona kuku wanaikimbia?" Bi Zuhura alikuja mara mbili tatu, akasugua matone kwa kidole, akaguna, akahamia kwingine. Baadaye mafuta ya kutoka nje yalijaa mjini, meupe, hayana harufu, bei yake chini, na vinu vidogo kama chetu vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Mama Aika aliuza kiwanja. Mashine ilikwenda na watu wa chuma chakavu. Mimi nikawa mtunza ghala, nalinda madumu ya mafuta yaliyokamuliwa nchi za watu, mpaka nilipostaafu. Spana nilibaki nayo.

Nikiwa ghalani nilianza kusikia habari za Hamisi. Ana mashine moja Singida. Ana mbili. Amefungua duka Kariakoo. Kila habari niliipokea kama taarifa ya msiba, nikitikisa kichwa na kusema, "Mungu mkubwa." Nilinunua chupa ya mafuta yake ya kwanza nikaiangalia kwenye mwanga, nitafute tope. Halikuwepo. Nikasema labda hiyo moja. Nikanunua nyingine.

Sasa ile siku. Mlikuwepo, lakini mliona kwa nje.

Mwajuma alinikuta Kariakoo nanunua viatu vya mitumba. Alinijua kwa picha moja ya zamani iliyoko nyumbani kwao, mimi na baba yake tumesimama mbele ya mapipa. "Shikamoo, wewe si Baba mkubwa Gervas? Baba anakuulizia kila siku. Mashine yetu inasumbua, na baba masikio yamekufa, hasikii tena. Njoo kesho umsikilizie." Nilitaka kukataa. Lakini hebu niwaambie ukweli: niliposikia kwamba masikio ya Hamisi yamekufa, nilipata furaha ndogo, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kesho yake nikaenda.

Hamisi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine, mvi tupu, kanzu safi. Tulikumbatiana. Akapaza sauti kama wafanyavyo viziwi: "Msomi! Umezeeka vibaya!" Mkacheka wote. Nami nikacheka. Kisha akaonyesha mashine kwa kidevu: "Isikilize. Tangu asubuhi inanifanyia vituko."

Mliwasha. Sikuhitaji hata kuinama. Ilikuwa inaimba.

Nilijua kabla uji haujaanza kushuka. Nilitazama beseni la mbegu: nyeupe kama mchele wa pilau, hakuna ganda hata moja. Na hapa ndipo mlipomwona mzee amesimama ameweka mkono sikioni, mkadhani nasikiliza. Nilikuwa nanyamaza. Nilikuwa nawaza: mwache. Mwache naye aungue mara moja. Ana madumu Kariakoo nzima, ana binti, ana fulana za njano. Mimi nina spana. Neno moja linaweza kumwokoa, na neno hilo liko mdomoni mwangu, ni langu peke yangu. Nililionja. Sijui zilipita dakika ngapi. Mwenzenu mmoja alikuwa anakaza koni, moshi ukaanza.

Ndipo nikaona mkono wa Hamisi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya bodi ya mashine, amefumba macho, kama anavyowekewa mkono mgonjwa wa homa. Na uso wake ulikuwa uleule wa Jumatano ile: wa mtu anayejua kuna kitu.

Nikasema, "Legeza. Rudisheni maganda. Magunia mawili, ungo mmoja."

Ungo hamkuwa nao, mkatumia ndoo. Mnakumbuka: mashine ilikohoa, ikaanza kutafuna, magamba yakatoka, mkapiga makofi. Hamisi alifungua macho. Hakupiga makofi. Aliwageukia nyinyi akauliza, "Nani kapepeta?"

Mwajuma akajibu kwa sauti ya juu, "Si wewe baba uliyetuambia! Umesema leo tutoe maganda yote!"

Nikashika pipa.

Hamisi akanitazama. "Msomi, nina swali moja tu. Siku ile, haya ya maganda ulikuwa unayajua, au ulikuwa hujayajua?"

Angeweza kuniuliza pembeni. Au labda hakuweza; kwa masikio yale, pembeni haipo tena. Nilimjibu polepole. Akasema, "Eeh?" Nikajibu tena. Akainamisha sikio la kushoto, "Sikusikii!" Mashine inatafuna, nyinyi mmesimama na madumu mikononi, na mimi na mvi zangu nikapiga kelele:

"Nilijua! Nilijua, Hamisi! Ulikuwa hujaniambia kitu! Nilifanya makusudi!"

Yule wa vidude vya masikioni akavitoa.

Mlichokisikia kinaishia hapo, kwa sababu Mwajuma aliwafukuza mwende kunywa chai. Sasa ngojeni niwaambie aliyoyasema baba yake. Alisema, na safari hii hakupaza sauti, "Basi nilikuwa najidanganya. Mwajuma alikuwa mchanga, hajatimiza siku arobaini. Nililia kutoka Mchafukoge mpaka Buguruni. Mke wangu akasema, yule rafiki yako kakufanyia fitina. Nikamkatalia. Nikamwambia Msomi hakujua, Fundi hakumfundisha, alishtuka tu akasema lolote. Miaka yote hii, Gervas. Nyumbani kwangu hakuna aliyeruhusiwa kukusema vibaya."

"Kwa nini hukubisha siku ile?" nikamwuliza, kwa kelele.

"Mbele ya Mama Aika? Mimi mpakiaji, wewe fomu foo? Angemsikiliza nani?"

Nilitoa spana mfukoni. Nilikuwa nimekwenda nayo, sijui kwa nini. Nikamwekea mapajani. Akaigeuzageuza, akainuka, akaijaribu kwenye koni ya mashine yenu. Haikuingia. Kipimo chake kingine kabisa. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka, akafuta macho, akairudisha mkononi mwangu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini usije kesho. Njoo wiki ijayo. Kesho bado nitakuwa na hasira."

Nikitoka, Mwajuma alinipa dumu la mafuta. Kabla sijafika, baba yake alikuwa amekwisha mwambia anipe. Hilo nalo lilinichoma. Hata kunisamehe alijiandaa kabla yangu.

Basi kazi ndiyo hiyo. Tieni mkono mpaka kiwiko. Acheni mafuta yalale siku tatu. Ogopeni mashine inayoimba. Magunia mawili, ungo mmoja wa maganda, na mwenzenu asiyejua mwambieni, hasa yule mnayeona anawapita. Wiki ile ilipita, nikaenda. Tulikula changu, safari hii nusu yangu niliila.

Wivu haujaisha. Kila asubuhi namimina mafuta ya Hamisi kwenye glasi, naiweka dirishani kwangu, nangoja jua lipande juu ya mabati, kisha nainama kutafuta tope chini. Mpaka leo asubuhi, sijaliona.